Upepo wa Tezi: Jinsi Jahazi la Malapa Lilivyoshuka Pwani

Tarehe 24 Januari 2019, jahazi la mita 9 lililovishwa malapa mabovu 30,000 ya kila rangi lilitweka tanga Lamu. Tarehe 7 Februari likatia nanga Zanzibar, mbele ya Mji Mkongwe, likiwa limeteremka kilomita 500 hivi za pwani. Magazeti ya dunia yalishangilia plastiki, na si bure. Hilo ndilo Flipflopi, lililoundwa Lamu chini ya mkono wa fundi Ali Skanda kwa taka zilizookotwa, likashushwa majini Septemba 2018, mwaka mmoja baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Mimi nasifu jambo jingine. Nasifu tarehe.

Mwisho wa Januari kaskazi imekwisha kukomaa. Hapa Marereni, kaskazini mwa Malindi, hatuhitaji kalenda kulijua hilo, tunaangalia chumvi. Maji ya bahari huingizwa mabwawani, jua na upepo mkavu huyakausha bwawa hadi bwawa, na malundo meupe hupanda mpaka masika yaje kuharibu shughuli. Upepo unaovuna chumvi ndio uleule unaoshusha vyombo. Wangeondoka Juni, kusi ingewapiga usoni, na mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini ungewanyang'anya usiku maili walizozipata mchana. Chombo kinachobisha hakikosi kufika, lakini si kwa wiki mbili, na si huku abiria wakitaka kushuka kila mji kupiga picha.

Ukitazama ramani utaona kwa nini njia ile ina sehemu mbili zisizofanana. Kutoka Lamu hadi Ras Ngomeni chombo huelekea kusini-magharibi, na kaskazi humjia nahodha mgongoni kabisa. Mgeni hudhani huo ndio upepo wa starehe. Baharia wa tanga la pembetatu hajisikii raha nao. Upepo ukiwa wa tezi moja kwa moja, chombo hulewa kushoto na kulia, na wimbi moja baya laweza kulitupa tanga upande wa pili bila hodi, foromali na kila kitu.

Kugeuza tanga kwa hiari yenyewe ni kazi ya watu wengi. Nahodha huelekeza chombo sawasawa na upepo. Demani hulegezwa, tanga likaruka mbele ya omo likipigapiga. Mabaharia huishika foromali chini, huisimamisha wima ubavuni mwa mlingoti na kuipitisha upande wa pili, huku mwenzao akikimbia na demani kuizungusha mbele ya vyote. Kwa muda huo mfupi chombo hakina mwenyewe. Nahodha mwenye akili hupanga mwendo wa siku nzima ili jambo hilo alifanye mara chache: huenda mshazari kidogo, upepo akiuweka begani badala ya mgongoni, hata kama njia itarefuka.

Kuanzia Malindi pwani hupinda kusini zaidi, na upepo ukaanza kuja kwa kushoto, kutoka bahari kuu. Tanga linatulia, mwendo unapanda. Lakini sasa upepo unakusukuma kwenye mwamba. Ukivunjikiwa usukani nje ya Watamu alasiri, wakati upepo wa bahari umeongezea kaskazi nguvu, huna muda mrefu wa kutafakari. Ndiyo maana manahodha wa huku huondoka alfajiri na kupenda kuwa ndani ya bandari kabla jua halijageuka.

Sehemu ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni hii iliyo mbele ya nyumba zetu. Kutoka Lamu hadi Malindi ni takriban maili 75 za baharini. Kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, hizo ni saa 15, yaani zaidi ya mchana mmoja, na katikati yake kuna Ghuba ya Ungwana. Mto Tana na Mto Sabaki hutapika matope huku, kwa hiyo ule mwamba unaoikinga pwani ya kusini haupo. Hakuna mlango wa kuingilia wala maji tulivu ya ndani. Kina ni kifupi hata mbali na nchi, na mawimbi kwenye maji mafupi husimama wima na kukaribiana. Tena wakati wa kaskazi, mkondo unaoshuka kutoka Somalia hukutana na ule unaopanda kutoka Tanzania kwenye bahari ya kaskazini mwa Kenya, kisha yote miwili hugeuka kwenda bahari kuu. Mwenye kushuka kutoka Lamu huanza na maji yakimsaidia, akamaliza yakimpinga. Heri ni kwamba kaskazi huudhoofisha ule wa kusini.

Aliyeukosea msimu ana kumbukumbu mbaya katika historia ya Malindi. Vasco da Gama aliondoka huko tarehe 24 Aprili 1498, akiwa amepewa rubani, na kusi changa ikamfikisha karibu na Calicut kwa siku 26 hivi. Kurudi hakungoja. Alianza kuvuka mwanzo wa Oktoba, kaskazi haijaamka, akatangatanga karibu miezi 3 kabla ya kuiona pwani ya Afrika. Watu wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye. Alifika tena Malindi Januari 1499, na muda mfupi baadaye akaichoma merikebu yake São Rafael kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Bahari ilikuwa ileile, na vyombo vilevile.

Plastiki nayo isidharauliwe. Mbao kavu ikitiwa majini hunywa na kuvimba, na nafasi kati ya mbao na mbao hujifunga yenyewe. Plastiki hainywi, kwa hiyo fundi hana msaada huo. Jua kali huilainisha, mzigo wa muda mrefu huipinda. Kuunda mkuku na mataruma kwa kitu cha namna hiyo, kwa zana za kuundia majahazi ya mbao, ni ufundi wa kuvuliwa kofia. Lakini jahazi la tani 7 lililoundwa vizuri likiwekwa kwenye upepo wa kinyume lingebaki Lamu kama maonyesho.

Wiki mbili kwa kilomita 500 zinaonekana nyingi, na hapo pana hesabu ya pili nzuri. Kwa mwendo ule wa maili 5, safari yote ni saa 54 tu za kusafiri. Muda uliobaki ulikuwa wa nchi kavu: Watamu, Kilifi, Mombasa, shule na wavuvi, na pumzi ya kusubiri maji. Bamvua ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hori la Mida huwezi kuliingia maji yakiwa yamepwa. Kilifi ni rahisi zaidi, hori lake lina kina.

Makundi ya marafiki wanaotaka kukodi jahazi washuke Lamu hadi Mombasa, wakipitia Gedi na Fort Jesus, wafuate hesabu hiyo: siku ya kusafiri, siku ya kukaa, na moja ya akiba kwa Ungwana. Wengi husahau kupanga bei ya kurudi. Chombo kilichoshuka na kaskazi kitapanda kwa injini, mafuta yakiwa juu ya mkodishaji, ama kitangoja kusi ya Aprili pamoja na mvua zake. Abiria wenyewe, wakiwa Mombasa, wapande basi la Malindi. Litapita Kilifi kwa saa moja na ushee, na wenye kuendelea Lamu watapita hapa Marereni, wayaone mabwawa ya chumvi dirishani upande wa kulia.