Masizi, Karatasi na Vichochoro vya Glasgow

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mpiga picha huisha pale kamera inapofumba jicho lake. Katika picha za kaboni kazi ndiyo kwanza huanza. Fundi hana budi kujibu maswali mawili ambayo hapana mashine iwezayo kumjibia: picha iwe ya rangi gani, na ilale juu ya karatasi gani? Nakusudia kuyapima majawabu ya mafundi wawili wa karne ya 19, Adolphe Braun wa Dornach katika Alsace, na Thomas Annan wa mji wa Glasgow, Scotland. Wa kwanza nitamsifu bila shida. Wa pili namstahi zaidi, lakini nina neno naye.

Kwanza msomaji afahamu jinsi picha hizi zifanywavyo. Rangi ya unga, aghalabu masizi, yale yale yagandayo kwenye chungu na kwenye kioo cha kandili, huchanganywa na jelatini iliyoyeyushwa pamoja na sukari kidogo, kisha hupakwa juu ya karatasi. Karatasi hiyo huchovywa katika maji yenye daikromati ya potasiamu, chumvi ya rangi ya chungwa ambayo ni sumu kali, wala haifai kuguswa kwa mikono mitupu. Mskoti Mungo Ponton aligundua mwaka 1839 kwamba karatasi yenye chumvi hiyo hubadilika ipatapo mwanga. Na Mfaransa Alphonse Poitevin aliitumia mwaka 1855 kufanya picha za rangi ya unga. Palipopata mwanga jelatini hugeuka ngumu, nayo huishika rangi. Pasipopata, huyeyuka katika maji ya moto na rangi ikaenda zake.

Lakini palikuwa na kasoro. Mwanga huanza kuigumisha jelatini juu, wala hauendi mbali kwenda chini. Basi vivuli vyepesi vilikuwa kama paa lisilo na nguzo: chini yake jelatini ilikuwa laini, ikayeyuka, navyo vikachukuliwa na maji. Mwaka 1864 Joseph Wilson Swan wa Uingereza alipata hataza ya dawa yake. Uso wa picha hulazwa juu ya karatasi nyingine, vyote viwili hutiwa katika maji ya moto kiasi, na karatasi ya kwanza hubanduliwa. Kwa hiyo karatasi tuitazamayo siyo ile iliyopigwa na jua. Imechaguliwa peke yake, na uchaguzi huo ni wa fundi mwenyewe.

Rangi nazo zina tabia zao. Masizi husagika kuwa laini mno, nayo hayachujuki kwa mwanga hata miaka ikipita mingi. Weusi wa mifupa iliyochomwa huelekea hudhurungi. Udongo mwekundu wenye kutu ya chuma, jamaa ya ile ngeu ambayo maseremala huchorea mbao, nao hudumu. Kinyume chake, wekundu utokanao na wadudu wa kochinili hupendeza leo, kesho ukafifia. Fundi autiaye katika masizi ili kuupa weusi joto anaandaa picha itakayobadilika sura baada ya yeye kuondoka duniani. Tena kipimo kina neno lake: rangi ikizidi katika jelatini, picha huwa kali, nyeusi na nyeupe tu, ikipungua, jelatini yapasa kuwa nene ili giza lipatikane, na hapo vivuli huinuka juu ya karatasi hata ukivitazama kwa ubavuni waviona kama vilima vidogo.

Braun alinakili michoro ya mabingwa wa kale iliyokuwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mchoro uliofanywa kwa chaki nyekundu aliuchapa kwa rangi nyekundu, si kwa nyeusi. Wako watakaosema huo ni ulaghai, kwa kuwa picha inajifanya mchoro. Mimi sikubali. Kazi ya nakala ni kutii, na kitu kinachonakiliwa kimekwisha kuamuru rangi yake. Braun alisikiliza amri, akaitekeleza kwa mkono mwepesi.

Annan hakuwa na wa kumwamuru. Mwaka 1866 alinunua haki ya kuitumia njia ya Swan katika Scotland. Mwaka huo huo sheria ilipitishwa ya kubomoa mitaa ya kale ya Glasgow iliyosongamana watu na maradhi, na tangu 1868 Annan aliipiga picha vichochoro hivyo kwa niaba ya wadhamini wa mji. Chapa za kwanza zilifanywa kwa fedha juu ya ute wa yai, na chapa za namna hiyo aghalabu hugeuka manjano na kufifia. Mnamo 1878 zilitolewa upya picha 40 kwa kaboni, na hizo ndizo zilizompa jina.

Hapa uchaguzi wake unastahili sifa. Kichochoro ni giza tupu na ufa mmoja wa mbingu. Weusi wake mzito wa kuelekea hudhurungi umehifadhi ndani ya giza hilo umbo la kila jiwe, maji ya mfereji katikati ya njia, na nguo zilizoanikwa juu. Karatasi yake ni laini, na ni haki iwe hivyo, kwa maana karatasi ya mikwaruzo hunasa mapovu ya hewa wakati wa kuhamisha picha, na vitu vidogo vidogo vikapotea humo. Lau angaliichapa kazi hii juu ya karatasi mbichi isiyozibwa vinyweleo kwa jelatini na shabu, tungalipata madoa.

Basi neno langu ni nini? Ni kwamba weusi ule ni mzuri mno. Unyevu wa kuta zilizooza unang'aa kama hariri, na watoto waliotikisika mbele ya kamera wamekuwa moshi mtamu machoni. Watu hawa walikuwa karibu kupoteza makao yao, na mtazamaji anavutwa kuusifu ukuta kabla ya kuuliza walikwenda wapi. Weusi wa masizi matupu, ulio baridi zaidi, ungalimnyima starehe hiyo.

Mwanafunzi mmoja aliponisikia nikisema hivyo alinijibu kwamba picha mbaya ingalitupwa, na leo tusingaliwaona watoto hao kabisa. Nimelifikiri jibu lake mara nyingi, wala bado sijapata la kumrudishia. Hata hivyo, nikifungua kitabu chenye picha za Annan, huufunika ukuta kwa kiganja changu kwanza, nikawatazama watu.