Mikono Iliyoirudisha Pather Panchali

Sisi wapenzi wa sinema za zamani tuna subira ambayo wengine hawaielewi. Filamu imetoka mwaka 1955, imesifiwa dunia nzima, imeandikiwa vitabu, lakini miaka nenda miaka rudi tunaulizana ni lini itapatikana kwenye diski ya Blu-ray yenye picha ya kuaminika. Anayetusikia hudhani tunangoja kiwanda kifyatue diski. Kufyatua diski si kazi. Tunaowangoja ni mafundi, na duniani si wengi, wanaojua kuushika mkanda uliozeeka bila kuuvunja. Hao ndio ninaotaka kuwasifu, na nitawasifu kwa kazi waliyoifanyia filamu tatu za Satyajit Ray, mwongozaji wa India.

Ray alipoanza Pather Panchali, ya kwanza kati ya hizo tatu, alikuwa msanii wa kuchora matangazo mjini Calcutta, hajawahi kuongoza filamu. Subrata Mitra, aliyeshika kamera, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo ambaye hajawahi kupiga filamu. Fedha zilikatika, vito vya mkewe Ray vikawekwa rehani, kazi ikasimama kwa miezi, mpaka serikali ya jimbo la West Bengal ikaingilia kati. Kuna mandhari moja ambayo kila aliyeiona huikumbuka: Apu na dada yake Durga wanakatiza kwenye nyasi ndefu zenye maua meupe kwenda kuiona treni. Ray alipiga sehemu ya mandhari hiyo, akaondoka, na aliporudi kuimalizia alikuta ng'ombe wameyala maua yote. Ikabidi asubiri msimu mwingine yachanue tena. Onyesho la kwanza la filamu hiyo lilifanyika Mei 1955 katika Museum of Modern Art, New York. Aparajito ilifuata mwaka 1956 na Apur Sansar mwaka 1959, na maisha ya Apu, kutoka utotoni hadi kuwa baba, yakakamilika.

Mwaka 1992 Ray alipewa Oscar ya heshima, akaipokea akiwa kitandani hospitalini, na wiki chache baadaye akafariki. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba mikanda ya filamu zake ilikuwa katika hali mbaya. Negativu za asili, yaani ule mkanda wenyewe uliopita ndani ya kamera ya Mitra, zilipelekwa katika maabara moja mjini London ili zishughulikiwe. Julai 1993 maabara ile ikashika moto.

Sehemu ya habari hii inayonigusa kuliko zote ni ile iliyofuata, nayo husimuliwa kwa haraka mno. Mabaki yalikusanywa. Mikanda iliyoungua kingo, iliyojikunja, iliyogandana, ilifungwa na kusafirishwa hadi kwenye hifadhi ya filamu ya Academy, taasisi inayotoa Oscar, huko Los Angeles. Hakuna maabara wakati huo iliyoweza kuyafanyia kitu mabaki yale. Mtu mwenye akili ya hesabu tu angeyatupa, kwani kuhifadhi mkanda hugharimu chumba, baridi na ulinzi, na mkanda usioweza kuchapishwa hauna biashara. Wahifadhi wale hawakuyatupa. Waliyaweka ndani kwa takriban miaka 20, wakiwawekea mafundi ambao bado hawajapatikana na mashine ambazo bado hazijaundwa. Kwangu hiyo ni kazi ya ufundi sawasawa na ile ya kushika mkasi na gundi.

Mwaka 2013 makopo yalifunguliwa tena kwa ajili ya Criterion, kampuni inayotoa diski za filamu, na mikanda ikapelekwa Bologna, Italia, kwenye maabara ya L'Immagine Ritrovata. Tabia ya mkanda uliopigwa na moto ni hii: joto huunyang'anya unyevu, nao hukauka, husinyaa na kuwa mkavu kiasi kwamba ukijaribu kuunyoosha unakatika mkononi. Kwa hiyo kwanza uliingizwa katika mchanganyiko wa dawa, ukaachwa urudiwe na unyevu taratibu mpaka ukalegea. Kisha watu wakakaa mezani. Gundi ya zamani, nta na utepe wa kuungia vilikuwa vimeyeyuka juu ya picha zenyewe, vikaondolewa kidogo kidogo kwa mkono. Vitundu vya pembeni, ambavyo meno ya mashine hushika ili kuuvuta mkanda, vilikuwa vimechanika au havipo kabisa, vikajengwa upya kimoja kimoja. Pather Panchali ina urefu wa kama saa 2 na dakika 5, na kila sekunde ina picha 24, kwa hiyo filamu nzima ni takriban picha 180,000. Kazi hiyo ya mikono peke yake ilichukua karibu saa 1,000.

Hawakuokoa yote. Kwa Pather Panchali, kiasi cha asilimia 40 ya negativu ilifaa kutumika, na kwa Aparajito zaidi ya asilimia 60. Negativu ya Apur Sansar haikufaa. Palipopungua waliziba kwa nakala nzuri zilizokuwa kwenye hifadhi za Marekani na Uingereza, ikiwemo British Film Institute. Ukitazama kwa makini utaona mahali ambapo picha inapoteza ukali kidogo kisha inaurudia. Mimi sehemu hizo nazipenda, maana zinanionyesha moto ulifika wapi.

Baada ya hapo mkanda uliskaniwa kwa kipimo cha 4K, na kazi ya kompyuta ikaendelea kwa zaidi ya miezi sita: mikwaruzo, vumbi, madoa, picha inayotikisika. Hapa ndipo fundi mwenye adabu anapotofautiana na asiye nayo. Picha ya mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe imeumbwa na chembechembe za madini ya fedha, na chembe hizo huonekana zikicheza juu ya ukuta, juu ya anga, juu ya shavu la mtu. Programu ya kompyuta inaweza kuzifuta kwa muda mfupi sana, na wapo wanaozifuta wakidhani ni uchafu. Matokeo yake ni kama mlango wa nakshi uliopigwa randa hadi nakshi ikaisha. Katika Pather Panchali chembe zimeachwa. Mikunjo ya uso wa Chunibala Devi, aliyeigiza kuwa shangazi mzee na kufariki kabla filamu haijatoka, unaweza kuihesabu. Nilipokuwa naitazama kwenye mkanda wa video ulionakiliwa mara nyingi, uso ule ulikuwa doa la kijivu. Sasa namwona anavyotafuna.

Mei 2015 filamu hizo zilionyeshwa tena kwenye jumba lile lile la New York, na mwishoni mwa mwaka ule diski za Blu-ray zikatoka.

Wakati mwingine kinachochelewesha si moto. Killer of Sheep ya Charles Burnett ilikamilika Los Angeles miaka ya 1970, lakini muziki wake haukuwa umelipiwa haki, na haikuingia kwenye majumba ya sinema mpaka mwaka 2007. Kwa filamu za Afrika mara nyingi shida ni kuujua mkanda ulipo. Mradi wa urithi wa filamu za Afrika, ulioanzishwa mwaka 2017 na The Film Foundation ya Martin Scorsese pamoja na UNESCO na FEPACI, shirikisho la watengeneza filamu wa bara letu, umezifikia tayari Soleil Ô ya Med Hondo na Sambizanga ya Sarah Maldoror.

Zilizobaki ni nyingi, na baadhi bila shaka zimo kwenye stoo za ofisi na nyumba za watu hapa kwetu, kwenye joto na unyevu ambao mkanda hauupendi. Ukikuta kopo la bati lenye harufu kali ya siki, mkanda umeanza kuoza kwa ndani, lakini picha huenda bado zipo. Usiulazimishe kufunguka, wala usiupitishe kwenye projekta ili uone una nini, kwa sababu meno ya mashine yatauchana. Utenge na mikanda mingine, kwani mvuke wake huiharibu. Uweke mahali pakavu penye baridi, andika juu ya kopo ulikoupata, kisha tafuta hifadhi ya filamu, hata kama ni ya nchi nyingine, uwaambie unacho.