Bei ya Paa: Hila na Cheo katika Ngano ya Sultani Darai

Miongoni mwa ngano alizozikusanya Edward Steere Unguja na kuzitoa London mwaka 1870, ile ya Sultani Darai ni nyepesi kusomwa na nyepesi vilevile kusomwa vibaya. Mara nyingi huelezwa kuwa ni hadithi ya shukrani: maskini alitendewa wema, akausahau, akaadhibiwa. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni mafupi. Yanaiacha nje nusu nzima ya ngano, nayo ni nusu iliyojaa hila, wala hila hiyo haimpatishi mtu adhabu yoyote.

Mambo yenyewe ni haya. Maskini apekuaye jaani kutafuta punje za mtama aokota thumuni, yaani sehemu ya nane ya riali, na kwa fedha hiyo anunua paa. Paa huyo hunena. Malishoni aona almasi, aichukua kwa sultani wa nchi ya mbali, na kusema imetoka kwa bwana wake, Sultani Darai, atakaye kumwoa binti. Posa yakubaliwa. Yabaki shida moja tu: bwana harusi hana nguo. Basi paa ampiga bwana wake, amwacha majini karibu na mji, kisha aenda mbio kutoa habari kwamba Sultani Darai amevamiwa na wanyang'anyi njiani. Mavazi yaletwa, na farasi, na mtu wa jaani aingia mjini kwa heshima ya mfalme.

Hila ya namna hii haikuzaliwa Unguja peke yake. Paka wa Charles Perrault, katika kitabu kilichotoka Ufaransa mwaka 1697, alimtia bwana wake mtoni, akazificha nguo zake, akapiga kelele kwamba zimeibwa. Na sinema za mapenzi na vichekesho za Hollywood zilimpenda sana mtu apandaye daraja kwa ujanja. Katika Midnight ya mwaka 1939, iliyoongozwa na Mitchell Leisen, Eve Peabody, aliyeigizwa na Claudette Colbert, ashuka Paris usiku wa mvua akiwa na gauni la dhifa mwilini na bila ya mali yoyote. Haupiti muda mrefu ila wakubwa wa mji wamwita mke wa baroni. Gauni lake lafanya kazi ileile iliyofanywa na uchi wa Darai, kwani katika hadithi zote mbili wakubwa huangalia nguo, au hudhani ni nguo gani zilizopotea, wasiulize neno zaidi.

Lakini mfanano huo una mwisho wake. Eve ajifanyia hila mwenyewe, na tajiri Georges Flammarion amgharimia hoteli na mavazi kwa haja zake, ili kijana ampendaye mke wa Flammarion avutwe kwengine. Paka wa Perrault naye hakosi ujira: mwishoni awa bwana mkubwa. Paa wa Unguja hapati kitu. Tena, sinema yakoma pale Eve amchaguapo dereva wa teksi ampendaye, na hadithi ya Perrault yakoma katika neema. Ngano ya Darai yaipita harusi. Paa amuua nyoka wa vichwa saba, ampatia bwana wake jumba la fahari, kisha augua. Hapo bwana aagiza apikiwe uji wa mtama mwekundu, kwa kuwa mnyama mwenyewe ni wa kununuliwa kwa thumuni.

Katika neno hilo la thumuni ndimo ilimo maana ya ngano. Sultani alimpima Darai kwa bei ya almasi, naye akafaidika kwa kipimo hicho kibovu. Sasa Darai ashika kipimo kilekile na kumpimia aliyempandisha. Aliyejua kuliko watu wote kwamba cheo ni vazi la kuazima ndiye aaminiye kwamba bei aliyomnunulia mtu wake ndiyo thamani yake. Waswahili husema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Na Darai ashuka usingizini, aota yuko jaani, aamka na kujikuta yuko jaani kweli.

Huenda msomaji akadai kwamba ngano hii yawatetea wenye vyeo, na kwamba maskini amerudishwa mahali pake. Dai hilo halisimami. Hakuna aliyemfichua Darai, wala asili yake haikutajwa kuwa ni kosa. Sultani aliyedanganywa ndiye ajaye kumlilia paa na kumzika kwa heshima baada ya bwana wake kumtupa kisimani. Kama uongo wa cheo ungekuwa dhambi kuu ya ngano, mwombolezaji huyo angalikuwa mshitaki.

Yafaa kukumbuka pia mahali ngano iliposimuliwa. Mwaka 1870 soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa lingali wazi. Lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa katika sheria mwaka 1897. Baada ya hapo wengi waliokuwa watumwa, Mjini na Ng'ambo, walivaa kanzu, kofia na kanga, mavazi ya waungwana, nao wakadai heshima iendayo na mavazi hayo. Katika mji wa namna hiyo, kiumbe aliyenunuliwa, mwenye akili kuliko mnunuzi wake, hakuwa jambo la wanyama tu. Si lazima kudai kwamba msimulizi alikusudia fumbo. Latosha kwamba wasikilizaji wake walijua bei ya mtu ni nini.

Ngano ina upungufu wake. Mke wa Darai, ambaye alimhurumia paa, apewa mume kwa almasi bila ya kuulizwa, kisha arejeshwa kwa babake katika ndoto kana kwamba hakuolewa. Hasara yake haihesabiwi. Ngano iliyomlaumu Darai kwa kumpima paa kwa thumuni haikumwuliza sultani kwa nini alimpima binti yake kwa jiwe.