Kiingereza cha Wanafunzi Waingiao Chuo Kikuu

Mwaka 1984 Criper na Dodd walitoa ripoti yao juu ya ufundishaji wa Kiingereza na matumizi yake katika elimu ya Tanzania. Ripoti hiyo hutajwa mara nyingi kuliko inavyosomwa, na waitajao aghalabu hushika tarakimu mbili tu: kwamba katika wanafunzi wa Kidato cha Nne waliopimwa, wapata asilimia 10 tu ndio waliofikia kiasi ambacho masomo kwa Kiingereza yangaliweza kuanza, na kwamba wa Chuo Kikuu walioweza kusoma bila taabu hata vitabu vyepesi vya masomo yao hawakufika asilimia 20.

Tarakimu hizo ni nzito, lakini la ajabu zaidi ni ushauri uliofuata. Tume iliyoongozwa na Makweta ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia Kidato cha Kwanza. Criper na Dodd, wakiwa na ushahidi huo mikononi, walishauri Kiingereza kiendelee. Mgonjwa ameonekana hawezi kumeza dawa, naye aongezewa dawa ile ile.

Walakini kasoro ya ripoti haimo katika ushauri peke yake. Ilipima kiasi cha Kiingereza alicho nacho mwanafunzi, ikaamua kwamba akikosacho ni Kiingereza. Uamuzi huo umerithiwa na masomo ya stadi za mawasiliano, ambayo mwanafunzi hupewa afikapo Chuo Kikuu: kusikiliza mhadhara, kufupisha habari, kuandika insha yenye marejeo. Mambo hayo yote yafaa. Lakini anayefundishwa ametoka katika darasa ambamo mwalimu huandika maelezo ubaoni kwa Kiingereza, huyafafanua kwa Kiswahili, na wanafunzi huyanakili, wakayahifadhi, wakayarudisha katika mtihani neno kwa neno. Sentensi zake huweza kuwa safi kabisa, maana si zake. Aambiwapo aeleze, hueleza vema. Aambiwapo ajadili, hueleza tena.

Na msahihishaji je? Kalamu nyekundu hukimbilia kiwakilishi cha mwanamke kilichowekwa mahali pa mwanamume, kosa ambalo asili yake yajulikana, kwa kuwa kiambishi a- cha Kiswahili hakibagui jinsia. Kosa hilo halimpotezi msomaji hata kidogo. Dai lisilo na sababu, lililo mstari wa pili yake, hupita salama, au hufunikwa na neno moja pembeni: lugha.

Mlama na Matteru, katika kazi yao juu ya haja ya kutumia Kiswahili katika elimu ya juu, walikuwa karibu zaidi na kiini cha jambo, maana walijali kama mafunzo yanaeleweka, wala si Kiingereza peke yake. Hata hivyo wanaowafuata hawana budi kukiri kwamba kubadili lugha hakumfundishi mtu kujenga hoja. Katika idara za Kiswahili, ambako mihadhara na tasnifu huandikwa kwa Kiswahili, hupatikana pia insha inayojaza kurasa kwa muhtasari wa riwaya bila kusema lolote juu yake. Tofauti ni kwamba huko kosa huonekana lilivyo. Hakuna mwalimu awezaye kusema kwamba mwandishi amepungukiwa na lugha. Hana budi kusema kwamba amepungukiwa na hoja, kisha amwonyeshe ilipaswa kuingia wapi.

Kwa hiyo kipimo cha utayari kinachotolewa kwa Kiingereza tu hakiwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Swali moja lingetosha kuanzia: mwanafunzi yule yule alijibu kwa Kiingereza wiki hii na, kwa kisa kingine cha namna ile ile, kwa Kiswahili wiki ijayo, na hoja zihesabiwe mbali na makosa ya sarufi. Atakayejadili kwa Kiswahili na kushindwa kwa Kiingereza ahitaji mwalimu wa Kiingereza. Atakayeshindwa katika zote mbili ahitaji mwalimu mwingine, naye alipaswa kumpata tangu Kidato cha Kwanza.