Hongera, Wakunga wa Koboko

Mwaka 1983 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya daktari Michel Odent kuhusu akina mama wa Pithiviers, Ufaransa, waliojifungulia ndani ya maji ya uvuguvugu. Wengi waliojaribu njia hiyo husema uchungu hulegea. Sawa. Ila Koboko, Uganda, maji ya kuzalishia mara nyingi hufika kwa jerikeni, na hapo ndipo pongezi zangu zinapoelekea.

Mama hufika na glavu, pamba, wembe, sabuni na nailoni ya kutandika. Mkunga humkanda kiuno kwa kitambaa cha maji moto. "Tembea kidogo, mama," humwambia kwa Kikakwa. Aliyevuka kutoka Kongo huzungumzishwa Kiswahili, wa Sudan Kusini Kiarabu cha Juba. Mtoto akitoka, sindano ya oksitosini huingia pajani ndani ya dakika moja kuzuia damu, kisha mkono hurudi tumboni kupima kama kizazi kimekaza. Haya yote, usiku wa manane, pengine kwa mwanga wa simu!

Asante tumeshawapa sana. Sasa wapewe mfereji usiokauka wodini.