Safari ya √ Kutoka Kompyuta ya Mwalimu Hadi Karatasi ya Mtihani

Shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha Hisabati kwa Kiswahili, na kipeuo cha pili ni mada ambayo mtoto wa Bungu, kule milimani Usambara wilayani Korogwe, hukutana nayo kabla ya kumaliza elimu ya msingi. Alama yake, √, ni ya kale: mwanahisabati Christoff Rudolff aliitumia katika kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1525. Lakini kwenye kibodi za kawaida haipo. Mwalimu anayeandaa jaribio kwenye kompyuta moja, kisha akateremka na flashi hadi duka la steshenari Korogwe mjini kutoa nakala, anaweza kukuta alama imegeuka kitu kingine. Tufuate njia yake tuone inapotelea wapi.

Kompyuta haihifadhi umbo la alama, inahifadhi namba. Mfumo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, umeipa kila alama namba yake, ile ile duniani kote. Kwa kizio cha kumi na sita, √ ni 221A, ≤ ni 2264, × ni 00D7 na ÷ ni 00F7. Fonti ndiyo inayochora umbo la namba hiyo kwenye kioo na kwenye karatasi.

Upotevu wa kwanza unatokana na mazoea ya zamani. Kabla Unicode haijaenea, watu walichapa herufi Ö kisha wakaivisha fonti iitwayo Symbol, nayo ikaonekana kama √. Kwa fonti hiyo hiyo, £ huonekana kama ≤. Machoni kazi imekamilika, lakini ndani ya faili namba ni ya herufi nyingine. Maandishi hayo yakinakiliwa kwenda kwenye simu au programu isiyojali fonti ile, vazi linavuka: √9 inasomeka Ö9, na x ≤ 5 inasomeka x £ 5. Mtoto hawezi kukokotoa swali la namna hiyo.

Upotevu wa pili hutokea namba ikiwa sahihi lakini programu ikaisoma vibaya. Katika utaratibu wa UTF-8, √ huhifadhiwa kwa baiti tatu: E2, 88 na 9A. Programu inayodhani faili ni la mfumo wa zamani wa Windows husoma kila baiti kama herufi peke yake, na kioo kinaonyesha âˆš. Ukiona vurugu hiyo usifute wala usichape upya. Faili ni zima. Lifungue tena ukichagua UTF-8.

Upotevu wa tatu ndio wa hatari zaidi, kwa kuwa alama inaonekana nzima. Andika √9+16. Je, jibu ni 19 au 5? Kitabuni, mstari wa juu unaonyesha kipeuo kinafunika namba zipi. René Descartes alikwisha kuuunganisha na alama hiyo katika kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1637. Alama 221A pekee haina mstari huo. Mwalimu aliyekusudia 5 atamkosesha maksi mwanafunzi aliyejibu 19, ilhali mwanafunzi amesoma kilichoandikwa. Dawa ni mabano: √(9+16).

Kwenye simu ndogo kuna gharama nyingine. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160 kwa alfabeti maalumu ya simu, ambayo ina Ω na Δ lakini haina √, × wala ÷. Ukiingiza √ moja tu, ujumbe wote huhamia mfumo mwingine na nafasi zinashuka hadi 70. Zoezi ambalo lingeenda kwa ujumbe mmoja linakuwa jumbe mbili au tatu, na salio linakatwa kwa kila mmoja. Kwa mzazi mwenye kitochi, heri kuandika kwa maneno: kipeuo cha pili cha 49.

Njia salama ni rahisi. Katika Microsoft Word, chapa 221A kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja. Namba itageuka √. Ukihitaji mstari wa juu, bonyeza Alt na alama ya = kufungua sehemu ya milinganyo, chapa \sqrt(9+16), kisha bonyeza kitufe cha nafasi. Ukimaliza, hifadhi faili kama PDF ili fonti zisafiri ndani yake. Duka litachapa ulichokiona wewe, hata kama kompyuta yao haina fonti zako.

Hukumu yangu ni kwamba kosa la alama kwenye mtihani ni kosa la mtahini, na halipaswi kulipwa na mtoto. Walimu wa Bungu na kwingineko, toeni kwanza nakala moja, mlikokotoe kila swali kama lilivyochapwa, ndipo mruhusu nakala za darasa zima. Nanyi wenye maduka ya steshenari, mkiona Ö au £ katikati ya swali la hesabu, mpigieni mwalimu simu kabla ya kuendelea kuchapa.