Safu na Mshororo: Mpangilio wa Kurasa katika Diwani za Shule

Wahakiki wetu wameandika mengi juu ya vina na mizani, na mengi zaidi juu ya mabishano ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Juu ya ukurasa wenyewe, ambao ndio unaomfikishia msomaji vina na mizani hiyo, hawajaandika ila machache. Makala haya yanadai kwamba upana wa safu ni sehemu ya umbo la shairi la Kiswahili, na kwamba diwani inayochanganya safu moja na safu mbili pasipo kanuni humsomesha mwanafunzi shairi ambalo mshairi hakulitunga.

Katika miswada ya hati za Kiarabu, vipande vya mshororo viliandikwa sambamba, pakiwa na nafasi au alama baina yake, na jicho lilivuka kutoka kuume hadi kushoto. Nafasi ile haikuwa pambo: ilionyesha ukwapi unapokoma na utao unapoanza. Baadaye magazeti yaliwapa washairi ukumbi mpya, likiwamo Mambo Leo lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Lakini safu ya gazeti ni nyembamba kwa desturi, na mshororo wa mizani 16 hauenei humo ila ukikunjwa. Ukikunjwa penye kina cha kati, hapana hasara kubwa. Ukikunjwa popote safu inapoishia, kina cha kati humezwa katikati ya mstari, na mkato usiokuwa wa mshairi huonekana kana kwamba ni wake.

Kosa hili nimelishuhudia. Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya Eastlands, Nairobi, tulitumia diwani ambayo utangulizi wake ulipangwa kwa safu moja, mashairi kwa safu mbili, na maelezo kwa safu moja tena, yote hayo pengine katika ukurasa mmoja. Beti hazikuwa na nambari. Mwanafunzi mmoja alisoma ubeti wa kwanza, akavuka kulia hadi ubeti wa tatu, kisha akarudi kushoto kwenye wa pili. Kwa kuwa shairi lilikuwa la mtiririko, vina vyake vikiwa vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, hapana sikio lililoshtuka, hata langu. Kilichoharibika ni hoja: jibu lilitangulia swali. Nilipouliza ubeti una mishororo mingapi, darasa zima lilijibu minane. Walihesabu walichokiona, wala hawakukosea kuhesabu.

Huenda mtu akasema kwamba sikio litasahihisha jicho. Litasahihisha Mvita au Lamu, ambako mtoto husikia tenzi zikighaniwa kabla hajajua kusoma. Lakini tukiiacha Pumwani, ambako Kiswahili cha nyumbani kina mizizi ya miaka mingi, mtoto wa Jericho, Bahati au Dandora aghalabu hukutana na shairi la arudhi darasani kwa mara ya kwanza, akitoka katika Sheng na lugha ya wazazi wake. Kwake yeye ukurasa ndio ghani. Ukimdanganya, hana shahidi mwingine wa kumrejea.

Hatusemi kwamba safu mbili zifutwe. Karatasi ni ghali, na utenzi, ambao vipande vyake vya mizani minane huandikwa kimoja chini ya kingine, hukaa vizuri katika safu nyembamba. Kazi yenye beti zaidi ya 1,000, kama Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, ingekula karatasi maradufu kwa safu moja bila faida kwa msomaji. Shairi la mizani 16, kinyume chake, lastahili upana wote wa ukurasa. Nayo mashairi huru, kama ya Euphrase Kezilahabi katika Kichomi (1974), hayana budi kupewa upana wa mstari wake mrefu kuliko yote, maana humo mkato wa mstari ni uamuzi wa mshairi, si wa mpiga chapa.

Zamani za chapa za risasi, kubadili idadi ya safu katikati ya ukurasa kulikuwa kazi ya kuchosha. Leo kompyuta hufanya hivyo kwa amri moja. Kifurushi cha multicol katika programu ya LaTeX, kwa mfano, huanzisha safu popote na kusawazisha urefu wake. Lakini usawazishaji huo haujui ubeti ni nini: usipozuiwa, huukata katikati ili safu zilingane. Basi mhariri azuie ubeti usikatwe, atie nambari katika beti, aweke mstari wa wima baina ya safu, na arejee safu moja pale tu shairi linapokoma. Hayo hayaongezi gharama ya kutajika, na yatamwondolea mwanafunzi wa Eastlands adhabu ya kosa lililofanywa kabla kitabu hakijamfikia.